Yule jamaa wa Anaconda: rapa akiingia kwenye filamu, pesa hupitia wapi?

Kinyozi anayeninyoa mtaani Bondeni, hapa Nakuru, ametundika runinga juu ya kioo na haizimi tangu afungue hadi afunge. Jumamosi moja ilikuwa ikionyesha Anaconda, ile ya 1997, na mteja wa kiti cha kando akamwelekezea kidole Ice Cube: "Huyu ndiye stelingi. Hafi, ngoja uone." Kijana wa kunyoa akacheka. Akasema huyo si mwigizaji, huyo ni rapa, babake alikuwa na kaseti zake nyumbani. Mteja akakataa katakata: huyo rapa ni mwanawe au jina limefanana tu. Yeye amemjua tangu enzi za vibanda vya video, wakati DJ alikuwa akiitafsiri filamu kwa Kiswahili na Sheng juu ya milio ya risasi, na hakuna siku aliyomsikia akiimba. Mashine ikazimwa ili hoja isikike vizuri.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la kungojea na hakutia neno. Yeye mwenyewe ni rapa, kijana wa Kaptembwo, ana nyimbo nne mtandaoni na mashabiki wanaomtambua stendi ya matatu. Wiki hiyo alikuwa ametumiwa mkataba kwa simu. Watu fulani wanatengeneza filamu, wanamtaka aigize kijana wa mtaa na awatolee wimbo wa kufungia filamu. Shilingi 15,000, vyote kwa pamoja. Tulipotoka nje akaniuliza: "Mjomba, yule aliingia kwa filamu akatajirika. Mbona mimi nikiingia naona ni kama nauza kuku?"

Swali lake lina mafundo kama matano, na siwezi kuyafungua nikiwa nimesimama kando ya barabara. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wengi hudhani safari ya Ice Cube ni ya umaarufu: ulijaa kwenye muziki, ukafurika hadi kwenye sinema. Mimi naiona kuwa safari ya kalamu. Kila alipohama, alihama kwenda karibu zaidi na karatasi inayosema kitu hiki ni cha nani. Hata hivyo, kuna karatasi moja ambayo imemsumbua kwa miaka mingi, na hiyo nitaifikia.

Ramani na nyumba

Ice Cube, ambaye jina lake halisi ni O'Shea Jackson, alizaliwa Los Angeles mwaka 1969. Kabla hajajulikana alikwenda Arizona kwa muda wa mwaka hivi kusomea uchoraji wa ramani za majengo, ili muziki ukikataa awe na pa kushika. Napenda habari hii ndogo kuliko visa vyote vya mitaa ya Compton, kwa sababu inanipa njia ya kueleza fundo la kwanza.

Wimbo mmoja ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na tuni. Hiyo ndiyo ramani. Kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studioni siku fulani kwa mashine fulani, ile ambayo watu wa studio huiita masta. Hiyo ndiyo nyumba. Ramani moja yaweza kujenga nyumba kumi, na mwenye nyumba si lazima awe mchoraji wa ramani. Mtu mwingine akirekodi wimbo wako upya, amejenga nyumba yake, lakini ramani bado ni yako na inakudai. Mirabaha ya ramani, yaani malipo kila inapotumiwa, hutembea njia yake na mirabaha ya nyumba njia yake. Ukisaini karatasi inayosema tu "wimbo", hujui umetoa ipi kati ya hizo mbili, na aliyeiandika karatasi kwa kawaida anajua.

Mwaka 1987 Cube, akiwa bado kijana mdogo, aliandika maneno ya Boyz-n-the-Hood. Aliyeingia studioni kuyatamka ni Eazy-E. Taifa zima likamjua Eazy-E. Lakini Marekani ina jambo la ajabu ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui: redio za kawaida za masafa hulipia utunzi tu. Mwenye sauti halipwi kitu, wala mwenye masta. Kwa hiyo sauti yako yaweza kujaa mji mzima na pesa ya redio ikaenda kwa mtu aliyekaa chumbani na daftari. Kenya sheria ni tofauti. Hapa kuna haki ya mtunzi, ya mwimbaji au mpigaji, na ya mwenye rekodi, na kila moja imekuwa na chama chake cha kukusanya: MCSK, PRISK na KAMP, ambavyo vimevutana na serikali na vyenyewe kwa vyenyewe kuhusu leseni mpaka msanii wa kawaida amechoka kufuatilia nani ana kibali mwaka huu.

N.W.A, kundi la rap la Cube na Eazy-E, lilipotoa albamu ya Straight Outta Compton mwaka 1988, sehemu kubwa ya maneno ilitoka kwa Cube, na alikuwa ameandikia pia albamu ya Eazy-E mwenyewe. Lebo, Ruthless Records, ilikuwa ya Eazy-E, na meneja alikuwa Jerry Heller. Mwishoni mwa 1989 Cube akaondoka. Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa marafiki, na kweli nyimbo za matusi zilizofuata zilikuwa tamu kusikiliza, lakini kiini chake kilikuwa hesabu. Aliandika mengi akapokea kidogo. Filamu ya 2015 iliyopewa jina la albamu hiyo inaonyesha anawekewa mkataba pamoja na hundi, naye anataka wakili ausome kwanza. Wenzake walikuwa wamesaini. Baadaye alikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa nje ya mahakama.

Akapanda ndege hadi New York, akarekodi albamu yake ya kwanza ya peke yake na watayarishaji wa Bomb Squad, ikatoka 1990. Mwaka 1992 albamu yake The Predator ikaingia sokoni moja kwa moja kwenye namba moja ya Billboard, chati ya muziki ya Marekani. Hapo wengi wangetulia wakala matunda.

Mwigizaji ni kibarua, hata akiwa nyota

Filamu ilimjia kupitia wimbo ule ule wa 1987. John Singleton, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu, aliandika na kuongoza filamu kuhusu mtaa wao, akaipa jina Boyz n the Hood na kumtaka Cube aigize Doughboy. Ilitoka 1991. Iligharimu takriban dola milioni 6.5 na kuingiza zaidi ya milioni 57 Marekani peke yake. Singleton akawa mwongozaji wa kwanza mweusi kuteuliwa kwa Oscar ya uongozaji, na pia mdogo kuliko wote waliowahi kuteuliwa.

Sasa fundo la pili. Zile milioni 57, Cube alipata ngapi? Mwigizaji hulipwa ujira. Marekani, kwa kuwa waigizaji wana chama chenye meno, kuna pia malipo madogo madogo filamu inaporudiwa kwenye televisheni au kuuzwa kwa njia nyingine. Lakini filamu yenyewe si yake. Doughboy aweza kuwa uso unaobandikwa ukutani toka Los Angeles hadi Kondele, na bado awe ni mtu aliyekuja kazini, akafanya kazi, akalipwa, akaenda. Kwa watu wetu hili ni gumu kumeza, maana tumezoea kudhani aliye mbele ya kamera ndiye mwenye picha.

Singleton alimpa kitu kingine kisichoandikwa kwenye hundi. Alimsukuma aandike filamu yake mwenyewe, kwa hoja kwamba mtu anayeweza kusimulia kisa kizima ndani ya wimbo anaweza kusimulia filamu. Kwangu mimi hayo ndiyo malipo makubwa zaidi Cube aliyopata kwenye kazi ile.

Akaandika. Mwenzake alikuwa DJ Pooh, mtayarishaji wa muziki. Wakatoa Friday: vijana wawili wamekaa kibarazani siku nzima, mmoja amefukuzwa kazi siku yake ya mapumziko, mwingine anadaiwa na muuza bangi. Basi. Hakuna helikopta wala jengo linalolipuka. Mtaa wenyewe ndio stelingi. Ukikaa Rhonda au Manyatta kibarazani kuanzia saa tatu asubuhi, filamu hiyo itakupitia bila kulipa kiingilio.

Mwongozaji alikuwa F. Gary Gray, ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu hata moja. Alikuwa mtu wa video za muziki, na mojawapo ilikuwa ya wimbo wa Cube, It Was a Good Day. Hapa ndipo panapounganisha ulimwengu huu miwili kuliko maneno yote ya "kipaji". Video ya rapa ni filamu ya dakika nne: ina mwongozaji, mpiga picha, mavazi, mahali, mtu wa kupika chakula cha kundi. Anayetengeneza video kumi amesomea filamu bila kulipa karo. Kwetu pia njia hii imepitiwa. Just a Band walipotoa video ya Ha-He mwaka 2010, mhusika wake, Makmende, alitapakaa mtandaoni kama moto wa nyika. Mmoja wa wanabendi hao, Mbithi Masya, baadaye akaongoza Kati Kati, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa Toronto mwaka 2016. Alianza na video, si na chuo cha filamu cha ng'ambo.

Friday ilipigwa kwa siku ishirini, katika mtaa aliokulia Gray mwenyewe, kwa takriban dola milioni 3.5. Ilitoka 1995 ikaingiza zaidi ya milioni 27. Albamu ya nyimbo za filamu hiyo nayo ikafika namba moja ya Billboard. Moto mmoja, sufuria mbili. Na ukihesabu kofia za Cube katika kazi hiyo moja: mwandishi, mtayarishaji, mwigizaji mkuu, na mwenye wimbo kwenye albamu. Kila kofia ina mkataba wake na mlango wake wa pesa. Mpwa wangu alipewa kofia mbili kwenye mkataba mmoja, kwa bei moja. Hilo ndilo jibu la kwanza la swali lake la kuku.

Viazi vya Molo

Kabla hatujamwonea wivu mtu kwa sababu ya milioni 27, tupitie fundo la tatu, ambalo ndilo limekula wasanii wengi kuliko mengine yote. Kilichoingizwa si faida.

Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa hili kwa lugha ya Hollywood. Mkulima wa Molo anakutana na dalali. Dalali anamwambia: hatuelewani bei sasa, tutauza Nairobi, tukitoa gharama, kinachobaki tunagawana nusu kwa nusu. Inasikika kama haki. Kisha gharama zinaanza kutembea. Magunia. Wapakiaji. Lori. Ushuru wa kaunti. Wapakuaji. Vilivyooza njiani. Vilivyokataliwa sokoni. Simu za dalali, chai ya dalali, pengine hata pancha. Na gunia lenyewe lilikuwa lumbesa, limevimba juu kama mkungu, kwa hiyo tangu shambani kipimo kilikuwa cha uongo. Mwisho wa mwezi mkulima anaonyeshwa daftari: hakuna kilichobaki. Dalali hakuiba shilingi. Alishika kalamu tu.

Studio hufanya vivyo hivyo kwa daftari nene zaidi. Kwanza kumbi za sinema hukata sehemu yao, na mara nyingi si ndogo. Kisha msambazaji anakata ada. Kisha matangazo, riba ya fedha zilizokopwa, hata gharama za ofisi ya studio. Msanii aliyeahidiwa asilimia ya faida halisi ndiye mkulima wetu. Mwandishi Art Buchwald aliishtaki Paramount kuhusu Coming to America ya 1988, filamu ambayo nadhani kila nyumba yenye televisheni Kenya imewahi kuiona. Mahakama ya California ilikubali kwamba filamu ilitokana na wazo lake. Ilipofika kwenye pesa, studio ikasema filamu hiyo, iliyoingiza mamia ya mamilioni ya dola, haikuwa imepata faida halisi. Eddie Murphy, nyota wa filamu hiyo, alikuwa na maneno yake ya dhihaka kuhusu asilimia za namna hiyo.

Ndiyo maana wenye nguvu huomba sehemu ya kinachoingia mlangoni, kabla ya kukatwa kitu. Wasio na nguvu ya kuomba hivyo, na karibu wasanii wote wa kwetu ni hao, wana heri na pesa taslimu iliyo wazi kuliko asilimia ya hewa. Nilimwambia mpwa wangu hivi na hakupenda. Kuna mtu alishamwahidi asilimia katika kazi nyingine, na alikuwa akiitaja kwa fahari.

Kampuni ya Cube Vision ilikuwa njia ya Cube ya kukaa upande wa daftari. Mwaka 1998 akaandika na kuongoza The Players Club. Baadaye zikaja Next Friday mwaka 2000, kisha Are We There Yet? mwaka 2005, ambapo yule aliyeogopwa na polisi wa Marekani anahangaishwa na watoto wawili ndani ya gari. Wapenzi wa rap walimcheka sana kwa hiyo. Mimi siwezi kumcheka mtu mwenye familia. Katikati aliigiza pia kazi za wengine, kama Three Kings ya 1999, ambako alikuwa na George Clooney na Mark Wahlberg. Huyo wa mwisho naye aliwahi kuwa rapa, jambo ambalo kijana wa kinyozi hataliamini hata nikimletea kaseti.

Makufuli mawili

Fundo la nne ni wimbo ukiingia ndani ya filamu. Kwa kuwa wimbo ni mali mbili, mlango una makufuli mawili. Mtengeneza filamu anahitaji ruhusa ya mwenye ramani na ruhusa ya mwenye nyumba. Akipata moja tu, bado yuko nje.

Chukua It Was a Good Day. Biti yake imejengwa juu ya kipande cha Footsteps in the Dark, wimbo wa Isley Brothers wa 1977. Kwa hiyo hata katika wimbo unaosikika kuwa wa Cube mwenyewe, kuna wazee wengine wamekaa kwenye kiti cha ramani, na ukitaka kuutumia lazima nao wakubali. Rapa wengi wamejengewa nyumba juu ya uwanja wa mtu.

Au chukua ile filamu ya 2015 kuhusu N.W.A. Huwezi kusimulia kisa cha N.W.A bila nyimbo za N.W.A, na rekodi zilitolewa chini ya Ruthless. Eazy-E alifariki 1995, na mali ikabaki mikononi mwa mjane wake, Tomica Woods-Wright. Tazama orodha ya watayarishaji: Ice Cube, Dr. Dre aliyekuwa naye kundini, na mjane huyo. Hakuwekwa hapo kwa huruma. Alikuwa ameshika kufuli. Filamu ikaongozwa na yule yule Gray, Cube akaigizwa na mwanawe wa kumzaa, O'Shea Jackson Jr., na duniani kote ikaingiza zaidi ya dola milioni 200. Yule kijana aliyeondoka 1989 kwa sababu ya hesabu alirudi kwenye hadithi ile ile miaka ishirini na sita baadaye akiwa miongoni mwa wenye daftari.

Mteja wa kinyozi aliposema rapa "ni mwanawe au jina limefanana tu", kumbe alikuwa amekosea kwa namna ambayo karibu ni sahihi.

Friday ni ya nani?

Hapa, kwenye fundo la tano, ndipo wanaomsifu Cube kuwa mfalme wa kumiliki huruka haraka. Friday, filamu aliyoiandika, aliyoitayarisha, aliyoigiza, ya mtaa wa kwao, si yake. Ilitolewa na New Line Cinema, na mwaka 2008 New Line ikaingizwa ndani ya Warner Bros. Filamu haikusogea; sefu ndiyo iliyobadilisha mwenyewe. Sehemu ya tatu ilitoka 2002. Tangu hapo mashabiki wameomba ya nne, na kwa miaka mingi Cube alilalamika hadharani kwamba hawezi kuitengeneza bila ridhaa ya studio, na kwamba haoni sababu ya kununua kitu alichokibuni mwenyewe.

Inakuwaje mwandishi asimiliki alichoandika? Katika sheria ya Marekani kuna kitu ambacho kwa lugha yetu twaweza kukiita kazi ya kuagizwa. Miswada ya filamu za studio mara nyingi huandikwa chini ya masharti hayo, na hapo sheria humhesabu aliyeagiza kuwa ndiye mtunzi tangu siku ya kwanza. Marekani huwapa watunzi nafasi ya kudai kazi zao baada ya miaka 35 hata kama waliziuza, lakini kazi ya kuagizwa haiguswi na nafasi hiyo. Daftari lile alilolishika vizuri kwenye muziki lilimponyoka kwenye filamu yake ya kwanza, alipokuwa anahitaji milioni 3.5 za mtu mwingine. Simlaumu. Bila pesa hizo hakungekuwa na Friday ya kugombania.

Kenya tunalo pia, na hapa nilimfanya mpwa wangu aweke simu chini anisikilize. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema haki huanza kwa mtunzi. Lakini kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano kinyume chake. Isome tena. Wengi huamini kwamba bila mkataba uko salama, kwamba kutosaini ndiyo kinga. Kwa kazi ya kuagizwa mambo ni kinyume: ukinyamaza, unahama na kila kitu. Mtu akikwambia "nitungie wimbo wa filamu yangu", ukamtungia, ukalipwa, mkapeana mkono, yeye ndiye mwenye ramani.

Kwa wimbo uliokwisha kuutunga kabla ya kuombwa, hali hubadilika. Huo haukuagizwa na mtu. Ni wako, na kuuhamisha kwa mwingine kunahitaji maandishi yaliyosainiwa. Unaweza kumpa mtengeneza filamu leseni ya kuutumia ndani ya filamu hiyo, kwa muda fulani, na bado ukabaki nao. Ukibaki nao unaendelea kula kwingine. Marekebisho ya sheria ya 2022, kwa mfano, yaliweka kwamba katika pesa za milio ya simu, kama zile za Skiza, msanii au mwenye hakimiliki apate si chini ya asilimia 52. Asilimia hiyo haimfuati aliyeimba. Inamfuata mwenye haki. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo tunazungumzia mali ambayo wajukuu wa mpwa wangu, ambaye hata mchumba hana, wanaweza kuirithi au kuikosa kwa sababu ya Jumamosi moja. Ukienda Kisumu ukaketi na wazee wa benga, hutawafundisha jambo hili. Malipo ya mara moja wameyajua kabla sisi hatujazaliwa.

Tukaketi kibandani pa chai nyuma ya soko tukausoma mkataba wake mstari kwa mstari. Kurasa tatu, kwa Kiingereza cha kunakili. Ukurasa wa pili ulisema anatoa haki zote, duniani kote, milele, katika vyombo vya sasa na vitakavyobuniwa. Nikamwambia hayo ni maneno ya kawaida, yamo hata kwenye mikataba ya mastaa. Kilichonishtua kilikuwa mstari mdogo wa chini: anathibitisha kwamba yeye ndiye mmiliki pekee wa wimbo na kila kilichomo.

"Biti ni ya nani?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Biti alikuwa ameikodi kwa produsa mmoja wa Free Area, shilingi 2,000, makubaliano kwa mdomo, na huyo produsa ameikodisha pia kwa wengine. Yaani mpwa wangu alikuwa karibu kusaini kwamba anauza uwanja usio wake, na siku mwenye uwanja akija, wa kujibu ni yeye. Shilingi 15,000 zisingemfikisha hata kwa wakili.

Hatukukataa kazi. Tulivunja kofia mbili. Kuigiza: ujira wake, kwa siku, na nauli. Wimbo: leseni ya filamu hii tu, ya miaka mitano, wimbo ubaki kwake, na hilo liandikwe. Kwa produsa alipiga simu pale pale. Yule naye alikuwa hajawahi kuulizwa, akataka tukutane Jumatatu na tuje na karatasi.

Kisha akawaandikia wale wa filamu ujumbe mrefu wa heshima, akanisomea mara mbili, akatuma. Tiki mbili zikageuka samawati kabla chai haijapoa. Mpaka ninapoandika haya hawajajibu, na mkataba wa kwanza bado uko kwenye simu yake, haujasainiwa.